Programu ya kupangia safari za pikipiki imezivuruga pointi zangu 34 na kumpeleka mwenzetu kwenye lango la hifadhi

Wakuu, salaam.

Naandika nikiwa na hasira ambayo wiki tatu hazijaipoza, kwa hiyo mniwie radhi uzi huu ukiwa mrefu. Nina miaka 11 ya kutembea mikoani kwa pikipiki kutokea hapa Dar es Salaam, si kwa biashara bali kwa kupenda tu, na kwa miaka minne ya karibuni nimekuwa nikilipia kwa dola programu moja ya kupangia njia, ambayo jina lake nalihifadhi mpaka nitakapomalizana na wenyewe kuhusu fedha zangu. Lalamiko langu ni moja: njia niliichagua mimi, nikaihifadhi mimi, na programu ikaibadilisha nikiwa nimelala bila kuniuliza, kisha wahusika wakaniambia kwamba kosa ni langu.

Kwa wasioijua kazi hii, niseme kidogo. Jioni unakaa mezani na kompyuta, unafungua ramani na kuweka pointi moja moja: hapa nitajaza mafuta, hapa kuna nyumba ya wageni yenye uzio wa kulazia pikipiki ndani, hapa lami inaishia, hapa kuna kivuko chembamba kilicholiwa na maji upande wa kushoto. Ukishamaliza unaziunganisha pointi hizo ziwe ruti, unaihamishia kwenye simu au kwenye kifaa cha GPS kilichofungwa kwenye usukani, na asubuhi unaondoka. Ruti haifanani na treki, na wengi huchanganya hapa. Treki ni nyayo, maelfu ya nukta zinazofuatana karibu karibu, na kifaa hakina la kufanya ila kuzionyesha zilivyo. Ruti ni pointi chache tu, na yaliyo katikati ya pointi moja na nyingine hujazwa na kifaa chenyewe kwa hesabu zake na kwa ramani yake. Ndiyo maana tunaweka pointi nyingi: ni namna ya kuishika programu mkono isiende inakotaka.

Safari yenyewe ilikuwa ya siku tatu mwezi Juni, pikipiki nne. Tulipanga kutoka Dar hadi Morogoro, tulale, kesho yake tukate kusini kupitia Matombo na Mvuha hadi Kisaki, halafu turudi kwa njia ileile. Niliweka pointi 34, ambazo zilinichukua jioni tatu, na wenzangu wote niliwatumia faili. Usiku wa kuamkia safari programu ilijisasisha yenyewe, na alfajiri ikanikaribisha kwa pongezi kwamba sasa nina toleo jipya na bora zaidi.

Ubora huo niliuona kabla ya jua kupanda. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kibaha ni ya njia nane, na karibu na Kibaha niliweka pointi ya kukutana na wenzetu wawili waliokuwa wanatokea Bunju. Toleo jipya limeamua kwamba kila pointi lazima ivutwe hadi barabara iliyo karibu nayo zaidi, na yangu likaivuta hadi upande wa magari yanayorudi mjini. Kwa hiyo sauti ikaniamuru nipite, niende hadi penye sehemu ya kugeuzia, nirudi kuelekea Dar, niiguse pointi, kisha nigeuze tena. Nikapuuza. Lakini pointi hiyo, ambayo niliiweka kama ya kupita tu, ilikuwa imegeuzwa kuwa kituo cha lazima, na kituo cha lazima kisipoguswa programu haikubali kuendelea na kinachofuata. Iliendelea kunisihi nigeuze mpaka nilipofika Mlandizi. (Siku za nyuma iliwahi kunivutia pointi ya Magomeni hadi kwenye njia ya mabasi ya mwendokasi, siku ile nilicheka.)

Siku ya pili ndipo mambo yalipoanza kunigharimu. Tangi langu lina lita 12, na kwenye lami napata kama kilomita 25 kwa lita. Morogoro hadi Kisaki na kurudi ni zaidi ya kilomita 250, sehemu kubwa ikiwa vumbi na mawe ambako unashinda gia ya pili na ya tatu, na huko hesabu ya lami haishiki. Kwa sababu hiyo, pointi muhimu kuliko zote ilikuwa ya duka moja la njiani, ambayo niliiandikia hivi: "Mafuta ya chupa, duka la mlango wa bluu, asipokuwepo muulize fundi baiskeli wa jirani." Nilipoifungua nikakuta "Mafuta y", basi. Maelezo yote yamefyekwa. Tena zilikuwa tatu, zimepewa namba 1, 2 na 3, kwa sababu kila simu ilipopata mtandao programu ilizileta upya pointi zote badala ya kutambua kwamba tayari inazo. Pointi zangu 34 zilikuwa zimefika 102. Kati ya "Mafuta y" hizo tatu, mbili zilikuwa zimevutwa hadi kwenye vichochoro vya jirani, na mimi nikachagua moja ya hizo mbili, nikajikuta uani kwa watu, mbele ya bibi anayeanika mihogo, nikimuuliza habari za petroli. Alinielekeza vizuri kuliko programu.

Sasa Kisaki. Asubuhi ya kurudi, mwenzetu mdogo kuliko wote, ambaye hii ilikuwa safari yake ndefu ya kwanza, alitangulia akiwa na sauti ya programu masikioni ndani ya helmeti. Sisi watatu tulikuwa tunabana mizigo. Tulipotoka na kushika barabara ya Mvuha, hatukumwona mbele. Mtandao haukuwepo. Tulisimama, tukamngoja, kisha mmoja wetu akafungua ruti kwenye simu yake ili atazame, akaninyooshea simu bila kusema neno.

Mantiki ya programu ilikuwa hii. Kwa kuwa tulikuwa tunarudi kwa njia tuliyojia, pointi za Mvuha na Matombo ilizihesabu kuwa zimekwisha kupitiwa tangu jana yake, ikazitupa zote, ikabakiza pointi moja tu, nyumbani Mbezi. Ilipotazama kutoka Kisaki hadi Mbezi bila kizuizi chochote katikati, ikaona mstari mzuri: ingia lango la Matambwe, kata Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mpaka lango la Mtemere, tokea Mloka, shika Kibiti, umefika. Hiyo ni hifadhi iliyotengwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba la Selous, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ina simba, tembo, nyati na mbwa mwitu, na programu iliyojitangaza kuwa imetengenezwa mahususi kwa waendesha pikipiki inampeleka humo kijana peke yake juu ya magurudumu mawili.

Tulimkuta langoni. Askari alikuwa amemkalisha kivulini na kumpa maji, na tulipofika alitutazama sisi wenye mvi ndevuni kwa muda kabla ya kusema, "Wazee wangu, pikipiki huku haziingii. Huyu kijana nimemuuliza anakwenda wapi, ananionyesha simu." Hakutufokea. Afadhali angetufokea, maana faili lile nililitengeneza mimi, na kijana aliliamini kwa kuwa lilitoka kwangu. Tulipoteza zaidi ya saa moja na mafuta ambayo hatukuwa nayo ya kupoteza, na pikipiki moja ilizima kabla ya kufika Matombo, ikabidi tunyonye petroli kwa mpira kutoka tangi la mwenzake.

Niliporudi Dar niliwaandikia wahusika maelezo kamili, nikaambatanisha faili la kabla ya sasisho na la baada yake, na picha za skrini. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine. La pili lilikuja baada ya siku sita, likinishauri nihakikishe ramani yangu ni mpya kisha nijaribu tena. La tatu lilinieleza kwamba uwezo wa kufunga ruti isikokotolewe upya unapatikana kwenye daraja la juu la malipo. Nilisoma sentensi hiyo mara mbili. Yaani kitu nilichokuwa nacho mwaka jana kwa malipo yaleyale wamekichukua, na sasa wananiuzia. Nilipoomba fedha zangu, nikaambiwa muda wa kurejeshewa umepita.

Nimeambiwa pia na mdau mmoja kwamba wa kulaumiwa ni faili la GPX lenyewe, yaani aina ya faili linalobeba pointi, ruti na treki kutoka programu moja hadi nyingine. Hilo nalikubali nusu. Ni kweli kwamba GPX 1.1, iliyotoka mwaka 2004, haina sehemu yake ya kutofautisha pointi ya kupita na kituo cha lazima, na kila kampuni imejiongezea viambatisho vyake ambavyo programu ya mwenzake haivisomi. Ukihamisha ruti kutoka programu moja kwenda nyingine, tegemea pointi zote zigeuke vituo. Lakini mimi sikuhamisha popote. Ni programu ileile, akaunti ileile, simu ileile. Walishindwa kusoma maandishi yao wenyewe. Na kukata jina kwenye herufi ya nane hakuna uhusiano wowote na GPX.

Kwenye kuingiza namba za mahali ndiko kuna uzembe zaidi. Mwenyeji wetu wa Kisaki alinitumia latitudo ya nyuzi 7 na dakika 28 kusini, programu ikaipokea kama 7.28, wakati dakika 28 ni karibu nyuzi 0.47. Kosa hilo pekee ni kama kilomita 20. Nililigundua mezani kwa kuwa najua kuhesabu. Vilevile, ukisahau alama ya kutoa mbele ya latitudo, ambayo ndiyo inayoonyesha kwamba uko kusini mwa ikweta, pointi yako ya Dar es Salaam inatua kusini mwa Ethiopia, na programu haishtuki wala haikuulizi, hata kama pointi zako nyingine 33 zote ziko Tanzania. Inakupangia tu safari ya kwenda huko na kukuhesabia siku.

Kwa sasa nimerudi kwenye treki. Nachora njia kwenye kompyuta, naitoa kama treki na si ruti, naiweka kwenye simu niliyoizimia masasisho ya kujiendesha, na pointi za mafuta naziandika kwa kalamu kwenye karatasi, pamoja na kilomita za kutoka zilipo hadi inayofuata, naibandika juu ya tangi chini ya nailoni. Treki haina sauti ya kukuambia ukate kulia, na ukipotea haikurudishi, lakini walau haibadiliki ukiwa umelala.

Mwezi wa nane tunakwenda Lushoto kwa njia ya Segera na Mombo, na kijana wetu amesema atakuja, ingawa ameuliza nani ametengeneza faili. Kwa hiyo naomba wenye uzoefu mnisaidie mambo mawili. Kwanza, kuna programu yoyote mnayoitumia ninyi wenyewe, si ya kusikia, ambayo ruti ikishahifadhiwa haiguswi mpaka mwenyewe aruhusu? Pili, nina faili lenye pointi 102, theluthi mbili zikiwa nakala. Mwenye kujua namna ya kuzichambua na kuzifuta nakala bila kupoteza zile za asili anielekeze hapahapa, maana nimeanza kuzifuta moja moja kwa mkono na nimefika ya 19.

Naomba kuwasilisha.