Albamu ya kwanza ya Don Williams ni ipi hasa?

Kijana wa Nkuhungu:
Salamu kwenu nyote mnaoupenda muziki wa kantri, na wazee wangu shikamooni. Baba yangu, aliyefariki mwaka jana, ametuachia kaseti tatu za Don Williams, na mojawapo ameiandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wake mwenyewe: "D. Williams, ya kwanza". Utepe wake umekunjamana mwanzoni mwa upande A, kwa hiyo wimbo wa kwanza unasikika kama mtu anayeimba ndani ya mtungi, ingawa nyimbo zinazofuata ni safi. Ningependa kuipata albamu hiyo ikiwa kamili, ili tuisikilize pamoja na mama siku tutakapofanya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Tatizo ni kwamba fundi wa redio aliyeko karibu na soko la Majengo ameniambia kuwa albamu ya kwanza ni ya mwaka 1966, lakini jirani yetu anashikilia kuwa ni ya mwaka 1973. Nimwamini nani? Na kwa nini nyimbo zake za mwanzo zina vyombo vichache kiasi kwamba ninasikia hata vidole vikihama kwenye nyuzi?

Mzee wa Kizota:
Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Fundi huyo hakukosea kabisa, kwa sababu mwaka 1966 kundi la Pozo-Seco Singers kutoka Texas lilitoa albamu iitwayo "Time", na Don Williams alikuwa mmoja wa waimbaji wake watatu. Hata hivyo, hiyo ilikuwa kazi ya kundi. Baada ya kundi kuvunjika aliingia katika kazi ya kutunga nyimbo kwenye kampuni ya Jack Clement huko Nashville, mji mkuu wa muziki wa kantri Marekani, na ni lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ya Clement, JMI, iliyotoa albamu ya kwanza yenye jina lake peke yake, "Don Williams Volume One", mwaka 1973. Ukikuta "The Shelter of Your Eyes", "Come Early Morning" na "Amanda" kwenye kaseti ya marehemu, basi umeipata.

Dada wa Manyoni:
Mzee wangu, kwa heshima zote, kipimo hicho hakitoshi, maana nyimbo hizo tatu zimerudiwa kwenye mikusanyo mingi na kaseti nyingi zilizouzwa huku kwetu zilikuwa za mikusanyo. Kijana, sikiliza kama mna "I Wouldn't Want to Live If You Didn't Love Me". Huo ndio wimbo wake wa kwanza kushika namba moja kwenye chati za kantri za Marekani, lakini ulitoka mwaka 1974, akiwa amekwisha kuhama JMI, na uko katika albamu yake ya tatu. Ukiusikia, ujue kwamba kaseti hiyo si "Volume One".

Mpiga gitaa wa Kongwa:
Naomba nijibu swali la vyombo, kwa kuwa ndilo linalonigusa. Katika miaka ile nyimbo nyingi za Nashville zilijazwa fidla na makundi ya waitikiaji, lakini Don Williams na mtayarishaji wake, Allen Reynolds, waliiacha sauti ile nzito ikae mbele, ikifuatwa na gitaa linalodonolewa kwa vidole na besi isiyo na haraka. Sisi tuliokulia Ugogo hatupaswi kuona ajabu, kwani mzee anayeimba na zeze lake moja hana haja ya kupaza sauti. (Reynolds ndiye pia aliyetayarisha albamu ya kwanza ya mwimbaji wa kantri Garth Brooks mwaka 1989, na mimi ninaamini sikio ni lile lile.) Nimejaribu kuwafundisha vijana wa kwaya "Amanda", utunzi wa Bob McDill, ambamo mwanamume anajitazama kwenye kioo na kushtuka kuuona umri machoni mwake. Kodi zake za gitaa ni chache na wanazipata siku ile ile, lakini wote wanaimba kwa haraka mno. Don Williams huchelewesha neno kidogo tu baada ya pigo la besi, na hapo ndipo penye uzito wote wa wimbo. Watu wengi wanaujua kwa sauti ya mwimbaji mwingine wa kantri, Waylon Jennings, aliyeufikisha namba moja mwaka 1979. Kwangu mimi ule wa 1973 unauma zaidi. Kuhusu utepe, usiurudishe nyuma kwa kasi kwenye redio. Uzungushe polepole kwa kalamu hadi mikunjo ilale.

Kijana wa Nkuhungu:
Ninawashukuru sana. Nimeugeuza upande B jana usiku na wimbo alioutaja dada wa Manyoni upo, wa tatu, kwa hiyo kaseti yetu si "Volume One". Nilipomweleza mama alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba "ya kwanza" ni kaseti ya kwanza waliyoinunua walipopata redio yao, kabla sijazaliwa. "Volume One" nitaitafuta vilevile, lakini siku ya kumbukumbu tutaanza na hii ya baba, pamoja na ule wimbo uliokunjamana. Utepe nimeshauzungusha kwa kalamu mara mbili.