Naomba ushauri: makala ya sauti kuhusu Cavetown, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Ninaandaa makala ya sauti ya dakika kumi kuhusu miaka ya mwanzo ya Cavetown, yaani Robin Skinner, mwanamuziki wa indie pop kutoka Uingereza ambaye ni transjenda (jinsia anayojitambulisha nayo si ile aliyoandikiwa alipozaliwa).

Alifungua chaneli ya YouTube mwaka 2012, akiwa bado kijana mdogo, akiimba chumbani kwa gitaa na ukulele. Mwaka 2015 akatoa albamu ya kwanza mwenyewe, bila lebo. Baadaye ikaja albamu ya Lemon Boy mwaka 2018, na ile ya Sleepyhead ya 2020 ikatoka chini ya lebo ya Sire Records. Baba yake ni mtaalamu wa muziki wa kale huko Cambridge, jambo ambalo kwangu linaeleza mengi kuhusu sikio lake (ila huo ni mtazamo wangu tu).

Nimeandika rasimu mbili. Ya kwanza inaanza na jinsia yake, na muziki ukamezwa kabisa. Ya pili inaitaja dakika ya mwisho, nayo inasikika kama namficha, wakati yeye mwenyewe hafichi.

Waliowahi kuandaa wasifu wa wasanii, naomba mnisaidie: suala la jinsia mngeliweka wapi ili lisimeze kazi yake? Na zile video za utotoni, ni sawa kupiga vipande vyake, au nianzie albamu ya 2015?

Rasimu ninazo, anayetaka kuzipitia aniambie. Asanteni.