Naombeni ushauri, nakariri mbinu za vita badala ya kufikiri

Wakuu habari za jioni. Mimi na washkaji tumeanza ule mchezo wa vita wa ramani (Kriegsspiel) waliokuwa wanafanyia mazoezi maofisa wa Prussia, ile dola ya zamani ya Wajerumani, toka 1824, unaandika amri kwenye karatasi na adui humuoni mpaka refa aseme umemuona. Sasa shida yangu nakariri. Nilisoma Hannibal, yule jenerali wa Carthage, kwenye vita ya Cannae kule Italia mwaka 216 KK alivyoacha jeshi lake la katikati lirudi nyuma, Warumi wakajaa ndani akawabana pande zote, basi kila mechi nafanya hivohivo, juzi jamaa kagoma kuingia, kakaa zake kilimani, nimebaki nakodoa macho tu. Mliopitia mafunzo ya uofisa, mlifundishwaje kubadili plani katikati? Nisome mapigano mengi zaidi au nimwambie refa anivuruge makusudi?