Nimeitwa ofisini kwa sababu ya sabuni ya kukoroga nyumbani

Mama Riziki, Tegeta

Hamjambo Wakenya wenzangu wa Dar, samahani nawasumbua Jumapili. Ijumaa saa nne asubuhi walikuja watu wawili kwangu, sitasema wa ofisi gani maana DP yangu, kibali cha mtegemezi, inaisha tarehe 28 na faili liko mezani kwao. Mmoja alisimama uani akaangalia kreti zangu za sabuni kama aliyefumania chang'aa.

Kwa wasionijua, kwetu tuko watano na mshahara ni mmoja, wa baba Riziki, yeye yuko na Class B ya mradi, kibali cha mgeni aliyeajiriwa. Tangu tuhamie hapa kutoka Voi tulikubaliana kitu tunachoweza kukitengeneza hakinunuliwi. Mchicha na matembele yako kwenye viroba, kuku saba wanakula maganda, yunifomu nashona mwenyewe, maji ya kusuuzia nguo yanaosha choo, na sabuni nakoroga kila miezi miwili kwa mafuta yaliyokwisha tumika. Jirani anauza chipsi, ananipa dumu zima bure, mimi nachuja. Napata miche kama arobaini, yote ya kwetu. Sasa ukweli wa Mungu, jirani huyo nampa miche mitano ya shukrani, na mama mmoja wa jumuiya alinipa elfu tatu nikakataa akaiacha kwa meza akaenda. Hiyo elfu tatu ndio imeitwa biashara. Wamenipa barua, Alhamisi niende na paspoti na "maelezo".

Swali langu ni moja tu. Kwa fomu ya kuongeza muda wa DP, pale penye KAZI, niandike mama wa nyumbani kama mwaka jana ama niandike nini? Na sabuni ya kuoshea watoto wangu inahesabiwa kiwanda?

Otis, Kimara

Pole sana mama. Hiyo ni ile amri ya Julai 2025, shughuli 15 ambazo asiye raia haruhusiwi, na viwanda vidogo vimo. Mimi niliisoma yote usiku ilipotoka sikulala. Kuna rejareja, uwakala wa pesa za simu, kutengeneza simu, saluni, kusafisha nyumba, udalali, hata kwenda shambani kununua mazao. Faini haipungui milioni 10 ama jela mpaka miezi sita, halafu kibali na visa vinaondoka. Kasini wa mke wangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu miaka sita, alifunga kwa siku moja, meza na vifaa akauza bei ya kutupa, saa hii yuko Kitale na mahindi. Anasema afadhali. Ukimpigia video uso hausemi afadhali.

Usiende peke yako Alhamisi. Na usitaje elfu tatu.

Mwalimu Auma, Mbezi Beach

Otis acha kutisha watu. Amri ni ya leseni za biashara, inakataza kufanya BIASHARA, haikatazi mtu kukoroga sabuni ya kufulia soksi za watoto wake. Na kama umeisoma yote kweli mbona umeruka ile ya mwenyeji anayemsaidia mgeni, naye ana faini ya milioni 5 ama miezi mitatu? Kwa hivyo Mama Riziki, huyo wa chipsi asitajwe kabisa, wala dumu lake.

Lakini pia tusidanganyane, DP haikuwa ya kufanyia kazi hata kabla ya 2025. DP ni kuishi na mume. Mimi yangu iliniumiza na cheti cha ndoa, nikakipandisha kwenye mfumo mara nne kikakataa, faili kubwa, faili dogo, faili halisomeki. Mara ya tano nikaambiwa jina la katikati la mume halifanani na la paspoti. Miaka kumi na nne ya ndoa, watoto watatu, naulizwa na kompyuta kama huyu mwanaume ni yuleyule. Nilikaa pale kwenye benchi nikajiuliza na mimi.

Shem wa Tabata

Shemeji yangu Mama Riziki pole sana, mimi kama Mtanzania pekee humu niliyeingizwa na mke naona aibu kidogo. Ushauri wangu nenda kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, umwamkie vizuri, mweleze, akuandikie barua kwamba anakufahamu na hufanyi biashara. Halafu ukifika ofisini usiseme "nipe fomu", sema "naomba". Nyie ndugu zangu mnakosa vibali kwa hilo neno moja tu.

Ila shemeji, hivi kostiki, ile soda kali ya sabuni, unaweka kiasi gani? Mama watoto alijaribu ikawa uji.

Nyokabi, Goba

Shem, kilo moja ya mafuta weka kostiki gramu 170, koroga mpaka iwe kama uji wa mtoto, mwaga kwa boksi lenye nailoni.

Salim wa Kigamboni

> kilo moja ya mafuta weka kostiki gramu 170

Hapana hapana hapana. Hiyo 170 ni ya mafuta ya NAZI. Haya ya chipsi mengi ni mawese, hayavuki gramu 135 hivi kwa kilo. Ukienda na 170 sabuni itakuwa kali itachubua watoto ngozi. Upime kwa mizani, si kwa kijiko. Kostiki ndiyo inamiminwa kwenye maji, usimwage maji juu ya kostiki, italipuka usoni. Na sufuria hizi za alumini usizikaribishe, kostiki inazila. Mimi nilitoboa ya mke wangu 2019 na habari zake nazisikia hadi leo kila Ramadhani. Tumia ndoo ya plastiki ngumu. Ikishaganda kata, acha kivulini wiki nne mpaka sita ndio ufulie.

Nyokabi si ugomvi lakini watu wanaunguka.

Nyokabi, Goba

Sawa daktari. Mimi ya kwangu ni ya nazi, sikusema ni ya chipsi.

Salim wa Kigamboni

Aliyeuliza anatumia ya chipsi.

Shem wa Tabata

Niliyeuliza ni mimi na natumia alizeti 😅

Mzee wa Reli, Ilala

Wanangu, nawasoma nacheka peke yangu hapa barazani. Mimi nililetwa mji huu na baba aliyekuwa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, kwetu Kisumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mpaka ukafungwa, baba akachagua kubaki na treni yake. Miaka sita sikumwona bibi yangu. Barua zilikuwa zinakuja kwa mikono ya watu kupitia njia nisizozijua.

Sasa nyie mnabishana gramu za kostiki. Mwanzoni mwa miaka ya themanini mji huu sabuni ilikuwa haipo. Ilikuwa HAIPO, sisemi ghali. Mama alikuwa anatutuma kuchuma majani ya mpapai, unayaponda, unayafikicha na maji yanatoa povu la kijani, unafulia mashati ya shule. Shati halitakati lakini halinuki. Sukari kwa foleni ya duka la kaya, unaacha tofali lenye alama yako kwenye mstari unaenda nyumbani kunywa chai isiyo na sukari unarudi. Viatu vilikuwa katambuga za matairi, nyie mnaita akala. Suruali za baba zilipokwisha magoti zilikuwa kaptula zangu, kaptula zikawa mfuko wa kuwekea mkaa, na mfuko ule sikumbuki ulikufa lini. Halafu 1983 waziri mkuu Sokoine akaanza msako wa wahujumu uchumi, usiku watu wakawa wanatupa bidhaa walizoficha. Nyuma ya nyumba yetu asubuhi tulikuta mtaroni katoni ya sabuni ya mche, mvua imeinyeshea, mtaro mzima mapovu. Mama alisimama akaitazama. Tulikuwa tunaitaka, Mungu anajua, lakini aliogopa kuigusa. Ukikutwa na sabuni utasema umeitoa wapi?

Kwa hiyo Mama Riziki usione ajabu, sabuni na maafisa katika mji huu wamejuana zamani.

Otis, Kimara

Mzee hiyo stori niisome kwa watoto. Lakini mpaka si ulifunguliwa 1984?

Mzee wa Reli, Ilala

Novemba 1983. Mei 1984 ni ule mkataba wa Arusha wa kugawana mali za Jumuiya. Nilikuwepo.

Otis, Kimara

Asante mzee. Sasa niulize, Jumuiya ilifufuliwa ya nini kama mama hawezi kupika sabuni? Itifaki ya Soko la Pamoja imeanza Julai 2010, kifungu cha 13 kinasema haki ya kuanzisha shughuli. Ile amri ilipotoka si Nairobi walilalamika wakaitaja itifaki hiyohiyo?

Mwalimu Auma, Mbezi Beach

Kifungu cha 13 hakitakaa na Mama Riziki kwenye benchi Alhamisi. Na Nairobi tuwakumbushe jinsi wamama wa Kitanzania waliokuwa wanauza kule soko la Gikomba walivyofanyiwa na kanjo, askari wa jiji, au hiyo tunasahau? Kila upande una kanjo wake.

Otis, Kimara

Sikusema Nairobi ni mbinguni.

Nyokabi, Goba

Siasa mtatuua nayo. Mimi nitoe langu la kubana matumizi, nimekaa na LUKU ya D1, ile bei nafuu ya umeme ya wanaotumia kidogo, mwaka wa tatu sijavuka zile uniti 75 kwa mwezi, siri ni kapu. Githeri nachemsha kwa gesi dakika ishirini, maharage lazima yatokote kwelikweli, si moto wa kubembeleza, hasa haya mekundu ukiyaivisha kwa uvuguvugu tu yanaharibu tumbo. Halafu sufuria na mfuniko wake naisukuma ndani ya kapu lenye blanketi kuukuu na mito, nafunika, naenda kazini. Jioni imeiva na bado inaunguza mdomo. Mtungi mdogo wa gesi unakaa miezi miwili na nusu.

Ila siku zote nikifungua lile kapu harufu inanipeleka Nyeri kwa cucu, bibi yangu, natamani baridi. Ile baridi ya kushika kikombe kwa mikono miwili. Hapa mwezi wa kwanza hata maji ya bomba yamepashwa.

Shem wa Tabata

Githeri ndiyo kande? Kande bila nazi ni adhabu.

Salim wa Kigamboni

Kwa hilo nakuunga mkono.

Mzee wa Reli, Ilala

Nina mbegu za sukuma, zimekuja na basi la Mombasa, nimeteremshiwa Mbezi Luis. Sukuma ya hapa inashindwa na joto na vidukari, panda kwenye kiroba mwezi wa tano masika yakipungua, kivuli cha mchana, majivu kwenye majani. Anayetaka aje Ilala, mbegu siuzi. Nisije nikaitwa na mimi.

Msimamizi

Tafadhali turudi kwenye swali. Pia waliobakiza mchango wa kusafirisha mwili wa ndugu yetu wa Mbagala, mweka hazina anawakumbusha, tumebakiza laki nne. Na picha zenye ukubwa wa megabaiti tano msitume humu, watu wanasomea simu.

Mama Riziki, Tegeta

Asanteni wote jamani. Kwa mwenyekiti nimekwenda leo, Shem, nikasema "naomba" mara tisa. Ameandika barua nzuri, amesema mimi ni mama mwema na watoto wangu ni wasafi, akapiga muhuri, akauliza kama imebaki miche miwili. Nikamwambia hapana, na iko chini ya kitanda.

Kreti nimezitoa uani. Baba Riziki anasema Alhamisi ataomba ruhusa aje nami, Otis.

Ile fomu nimeijaza yote isipokuwa pale penye KAZI. Hakuna aliyeniambia niandike nini. Saa hii ni saa tano usiku na kalamu iko hapa.

Mzee, Ijumaa nikiwa bado nipo nchini nitapitia mbegu.