Walimu wa Kijerumani, acheni kutulisha uongo kuhusu neno Schmetterling

Wakuu, hili limenikera na silinyamazii.

Chuo ninachosoma Kijerumani sikitaji. Mwalimu kaandika ubaoni Schmetterling, kipepeo, akapigia mstari schmetter, akasema limetoka kwenye kitenzi schmettern, kubamiza kitu kwa kishindo. Kisha akaongeza kuwa Wajerumani hata kipepeo wamempa jina la fujo. Darasa zima likaangua kicheko, na watu wakanakili kwenye madaftari. Ada tumelipa!

Maelezo ambayo wanaisimu wengi wanayakubali ni mengine kabisa. Kuna neno Schmetten, la lahaja za mashariki na la Wajerumani waliokuwa Bohemia, eneo ambalo leo liko Ucheki. Maana yake ni malai, ule utando mnono wa juu ya maziwa, na walilichukua kwa majirani zao Wacheki, wanaosema smetana. Watu wa zamani huko waliamini wachawi hujigeuza vipepeo, wakaingia majumbani kuiba malai na siagi. Ndiyo maana sehemu nyingine kipepeo aliitwa Molkendieb: Molken ni maji ya maziwa yaliyoganda, na Dieb ni mwizi. Hata Waingereza, butterfly yao ina siagi ndani. Na hiyo -ling ya mwisho ni ileile ya Lehrling, mwanagenzi. Kishindo kiko wapi hapo?

Yaani historia tamu hivyo, yenye wachawi na vyungu vya maziwa, mtu anaifukia kwa kitu alichookota kwenye zile video ambazo Mfaransa anasema papillon, yaani kipepeo, kwa sauti laini, halafu Mjerumani anapiga kelele Schmetterling kama anafukuza mbwa. Mjerumani wa kawaida halitamki hivyo.

Na Falter, neno jingine la Kijerumani la kipepeo, je? Nalo tumeambiwa linatokana na falten, kukunja, eti kwa sababu mdudu hukunja mbawa. Si kweli. Kijerumani cha kale kilisema fifaltra, na falten halihusiki.

Kamusi ya Kluge ya asili za maneno ya Kijerumani ipo tangu 1883. Mwalimu anayelipwa kufundisha lugha anashindwaje kuifungua kabla ya kusimama mbele ya watu? Kama hana uhakika, aseme hana, tutamheshimu zaidi.

Waliofundishwa upuuzi huu vyuo vingine semeni hapa, na kila mkiiona ile video kwenye magrupu, andikeni chini yake habari ya malai.