Familia Yetu: gumzo la Jumamosi

Shangazi: Assalam aleikum. Seif bado yuko kwangu, chakula anakula vizuri. Usiku ndiyo halali, anazunguka tu ukumbini.

Baba Mdogo: Waaleikum salaam. Mimi nashauri tumtume benki akanitolee laki tatu. Akizileta zote, basi kapona.

Zuhura: Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Shangazi. Jamani, tusimjaribu. Haya ya kubeti ni maradhi, hata Shirika la Afya Duniani limeyaweka kwenye orodha yake ya magonjwa.

Baba Mdogo: Marahaba. Maradhi ya kubonyeza simu? 🙄

Zuhura: Ndiyo hayo. Mkeka wa kubeti timu kumi ukichanika kwa timu moja, yeye anaona alikaribia kupata. Kesho anaweka tena, na anaweka kubwa zaidi.

Abuu: Programu kafuta na laini kabadilisha, sasa anatumia kitochi. Zile meseji za "bonasi" zilikuwa zinaingia hata saa nane usiku! Ila kuna jamaa anamdai 240,000. Nimtumie Seif akalipe?

Zuhura: Hapana. Mtumie huyo jamaa mwenyewe, utunze meseji ya muamala. Halafu akaunti za kubeti zifungwe kabisa. Kufuta programu hakufungi akaunti.

Zuhura: Shangazi, usiku akikosa usingizi muulize wazi kama anawaza kujidhuru. Usiogope, kumuuliza hakumtii hilo wazo kichwani. Jumatatu nampeleka Muhimbili, kliniki ya afya ya akili.

Shangazi: Sawa mwanangu.

Baba Mdogo: 📷 Picha

Abuu: Baba Mdogo!! Mkeka tena?

Baba Mdogo: _Ujumbe huu umefutwa_

Baba Mdogo: Mazoea jamani, kila Jumamosi huwa naurusha hapa.

Shangazi: Shikamooni. Ni mimi Seif, nimeshika simu ya shangazi. Nimesoma yote.

Shangazi: Baba Mdogo, sina kinyongo. Ila kabla hujaifuta nilishazipigia hesabu odi zako zote kichwani. Mikono inatetemeka mpaka sasa.

Shangazi: Na iliyonimaliza si mpira. Mpira unasubiri dakika 90. Ni ule mchezo wa kubeti wa kindege, sekunde chache kishapaa na hela yako, unaweka nyingine hata hujavuta pumzi.

Zuhura: Pole mdogo wangu. Unataka tufanyeje?

Shangazi: Mshahara ukiingia niwe na wewe, niuhamishie kwako palepale. Mimi nipewe nauli ya siku kwa siku. Na nikichelewa kurudi apige mtu mmoja tu. Mkipiga wote nazima simu.

Zuhura: Nitapiga mimi.

Baba Mdogo: Nisamehe mwanangu. Kesho njoo tuangalie mech... hapana, usije. Nakuja mimi, twende Feri tukanunue samaki. Pesa nashika mimi.

Shangazi: Sawa Baba Mdogo.

Shangazi: Sasa ni mimi mwenyewe, kaninyang'anya simu huyu. Mkitoka Feri mpitie na nazi mbili. Changu wasiwe wadogo kama wa siku ile.