Picha ya bibi iliyopakwa rangi kwa mkono: ni picha au mchoro?

Mjukuu_wa_Pili: Wakuu, nimerithi picha ya bibi akiwa msichana. Ni ya nyeusi na nyeupe, lakini mashavu yana wekundu hafifu na gauni ni la kijani. Nilipoiangalia kwa kioo cha kukuzia nikaona wekundu wa mdomo umevuka ukingo kidogo, na kila ushanga wa mkufu umewekewa nukta yake ya manjano. Sasa hii ni picha au mchoro? Na vumbi lake naweza kulifuta kwa kitambaa kibichi?

Chumba_cha_Giza: Mkuu, maji usiyaguse, nakuomba! Kama ni rangi za maji, zitatoka na kitambaa. Tumia brashi laini kavu, tena pembezoni tu.

Hiyo ni picha kabisa. Kazi hii ina umri karibu sawa na kamera. Mfaransa Daguerre alitangaza njia yake ya kupiga picha 1839, na haukupita muda Mswisi Johann Baptist Isenring, mchoraji, akawa anapaka picha za aina hiyo unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya mti, akiushikisha kwa joto.

Mimi napaka kwa rangi za mafuta. Picha naigeuza kwanza iwe ya kahawia, maana ngozi juu ya kijivu kitupu hutoka kama ya mgonjwa. Halafu pamba kwenye kijiti, rangi kidogo sana, nasugua mpaka karibu yote iishe. Angalia gauni la bibi: kijani ni kimoja tu, kimetandazwa. Mikunjo yote unayoiona ni kivuli cha siku ile ile aliyokaa mbele ya kamera. Ndiyo maana nazipenda kuliko picha za filamu ya rangi: mwanga ni wake bibi, rangi ni ya mtu aliyekaa na uso wake kwa saa nzima.

Karatasi_ya_Yai: Naongezea kidogo. Japani ndiko walikofika mbali, hasa Yokohama. Mpiga picha Felice Beato alikuwa akiuza picha zilizopakwa rangi za maji tangu miaka ya 1860, baadaye akaja Kusakabe Kimbei. Kwa kuwa kila nakala ilipakwa peke yake, mbili za picha moja hazifanani rangi.

Mjukuu_wa_Pili: Asanteni sana. Kinachonisumbua ni hicho kijani. Mama hakumbuki gauni kama hilo. Mpakaji si angeweza kubuni tu?

Chumba_cha_Giza: Angeweza, na wengi walibuni. Mara nyingi mpakaji hakumwona kabisa mwenye picha. Lakini wapiga picha makini waliandika rangi za macho, nywele na nguo. Geuza picha, uinamishe kwenye mwanga wa ubavuni.

Mjukuu_wa_Pili: Nimeitoa kwenye fremu. Kuna penseli iliyofifia, maneno mawili tu nayoweza kuyasoma: "gauni kijani".